Nani Analala Kando ya Ghala la Baruti?

Ipo programu ya kompyuta iitwayo SpringSharp, inayotumiwa na wapenzi wa historia ya majini kubuni manowari ambazo hazikuwahi kuundwa. Mtu huchagua mwaka, tuseme 1912, kisha hujaza urefu wa chombo, upana wake, kina chake majini, idadi na ukubwa wa mizinga, unene wa deraya, kasi anayoitaka na masafa ambayo chombo kitayamudu. Programu hukokotoa na kumrudishia taarifa: uzito umegawanyika vipi, kiunzi kitastahimili bahari au la, chombo kitayumba kiasi gani, kitagharimu pauni na dola ngapi, na makombora mangapi au torpedo ngapi zitahitajika kukizamisha. Humo humo hutokea mstari unaotaja idadi ya mabaharia, kuanzia kiwango cha chini hadi cha juu. Mbunifu hakuijaza idadi hiyo. Imezaliwa na ukubwa wa chombo. Anayetamani kruza ya vita yenye mbio za kupindukia anaweza kushinda kutwa nzima akipunguza hapa na kuongeza pale, na watu wale elfu na ushei watabaki kwenye mstari wao, bila majina na bila mahali pa kulala.

Mchezo huu umebeba swali zito kuliko wachezaji wake wanavyokusudia: anayeunda kitu ndani ya mipaka asiyoweza kuivunja anabeba lawama kiasi gani kwa madhara yanayotokana na mipaka hiyo? Wanaofikiri juu ya Mwenyezi Mungu na kuwepo kwa uovu wamelijadili swali hili kwa karne nyingi, ila mara nyingi kwa mifano ya jumla mno. Manowari ina faida ya kuwa na vipimo. Nitadai kwamba mipaka humlazimisha mwundaji aache udhaifu mahali fulani, lakini haimchagulii mahali hapo, wala haimchagulii atakayeishi jirani nao. Utetezi wa kwamba huwezi kupata yote kwa pamoja ni wa kweli, ila unafunika sehemu ndogo ya lawama kuliko tunavyopenda kuamini.

Tuanze na mipaka yenyewe, kwa sababu haina huruma. Nguvu inayohitajika kusukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. HMS Invincible, kruza ya vita ya kwanza duniani, ilianza kuundwa mwaka 1906, ikapangiwa noti 25, yaani maili 25 za baharini kwa saa, kwa mitambo ya nguvu za farasi 41,000. Ukitaka kuipandisha hadi noti 32 bila kubadilisha umbo lake, hesabu inadai nguvu za farasi zaidi ya 85,000. Umeongeza noti saba, umelipa mitambo zaidi ya maradufu. Na hesabu hiyo bado ina upole ndani yake, kwa kuwa chombo kifupi kikilazimishwa mbio hujichimbia bonde na kujijengea mlima wa maji kinaopaswa kuupanda. William Froude alilichunguza jambo hili kwa vielelezo vidogo katika tangi lake la Torquay miaka ya 1870. Dawa yake ni kurefusha chombo. Lakini chombo kirefu kinadai mkanda mrefu wa deraya, na chuma ni kizito. Chukua mkanda wa urefu wa mita 100 na kimo cha mita 4 kila ubavu: kila sentimita moja unayoongeza katika unene ni tani 63 hivi. Ongeza sentimita kumi, umebeba zaidi ya tani 600, ambazo zitazamisha chombo kidogo zaidi, zitakipunguzia kasi, zitadai mitambo mikubwa zaidi, na mitambo hiyo nayo itataka kufunikwa kwa deraya.

John Fisher, aliyeshika uongozi wa jeshi la majini la Uingereza mwaka 1904, alilikata fundo hilo kwa kupunguza chuma. HMS Dreadnought, manowari kuu ya mwaka 1906, ilikuwa na mkanda wa milimita 279 na kasi ya noti 21. Invincible ilipewa mizinga minane ya milimita 305, ukubwa uleule wa mizinga ya Dreadnought, lakini mkanda wake mnene kabisa ulikuwa milimita 152. Fisher aliamini kwamba mbio zenyewe ni deraya: mwenye kasi huchagua umbali wa kupigana, humfukuza mdogo na kumkimbia mkubwa. Mwaka 1915 alikuwa akifikiria kruza aliyoiita Incomparable, ya tani 46,000 hivi, yenye mizinga sita ya milimita 508 na kasi ya noti 35. Haikuundwa kamwe. Ukiiangalia leo utadhani imetoka kwa kijana aliyekesha na programu, na sisemi hivyo kwa dharau. Fisher alikuwa na akili kali, na tarehe 8 Desemba 1914, karibu na visiwa vya Falkland, fikra yake ilithibitika. Invincible na mwenzake Inflexible zilizifukuza kruza za Kijerumani Scharnhorst na Gneisenau, zikachagua umbali, zikazizamisha zote mbili. Scharnhorst ilizama na watu wake wote.

Sasa tuipeleke hesabu hii kwa wanatheolojia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba katika yote yawezekanayo hakuna kilicho bora na cha ajabu zaidi kuliko hiki kilichopo. Maneno hayo yalizua ubishi wa karne nyingi miongoni mwa wanazuoni, maana wengine waliona yanaufunga mkono wa Mwenyezi Mungu, kana kwamba hawezi kuumba kilicho bora zaidi hata akitaka. Miaka 600 baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1710 kuhusu haki ya Mungu, mwanafalsafa Leibniz alijenga hoja ya jamii hiyo kwa njia nyingine: yapo mema mengi yanayowezekana kila moja peke yake, lakini hayawezekani yote kwa pamoja, na Mungu alichagua mkusanyiko ulio bora kuliko mikusanyiko mingine yote. Mwaka 1755 tetemeko likaiangusha Lisbon, na mwaka 1759 Voltaire akamfanyia Leibniz mzaha katika hadithi yake Candide. Mzaha huo umesomwa na watu wengi kuliko hoja yenyewe, na naona si haki, kwa sababu hoja ina uzito. Mtu yeyote aliyejaribu kuipa kruza moja noti 34, deraya ya milimita 300 na mizinga minane mikubwa kwa tani 20,000 ameonja alichokisema Leibniz. Kila sifa inawezekana. Zikikutana, programu inakujibu kwamba kiunzi hakitaistahimili bahari.

Kwa hiyo naikubali hatua ya kwanza ya hoja hiyo: ndani ya ulimwengu wenye kanuni, kulalamika kwamba chombo hakina kila jema ni kulalamika kwamba kipo. Anayemlaumu Fisher kwa sababu tu mkanda wa Invincible ulikuwa mwembamba hajafikiri vya kutosha, kwani angeufanya mnene angelaumiwa kwa kasi ndogo. Tatizo linakuja katika hatua ya pili, ambayo mara nyingi hupitishwa kimyakimya: kwamba kwa kuwa udhaifu fulani haukuepukika, basi maafa yaliyopita katika udhaifu huo nayo hayakuepukika. Hapa ndipo ushahidi wa tarehe 31 Mei 1916 unapokuwa na thamani.

Siku hiyo, katika mapigano ya Jutland dhidi ya Wajerumani, Uingereza ilipoteza kruza tatu za vita ndani ya muda usiofika saa tatu: Indefatigable, Queen Mary, na hatimaye Invincible yenyewe. Zote zililipuka. Watu wapatao 3,300 walikufa, na walionusurika katika zote tatu hawakufika arobaini. Kwa muda mrefu maelezo rahisi yalikuwa yale ya mizani: Waingereza walinunua kasi kwa deraya, bei ikadaiwa. Lakini wanahistoria wengi sasa wanaelekeza kidole kwingine zaidi. Baruti ya Kiingereza ilikuwa na tabia ya kulipuka kwa ukali pale ambapo ya Kijerumani iliwaka tu, na zaidi ya hapo, ili mizinga ipige haraka, mifuko ya baruti ilirundikwa nje ya ghala na milango iliyopaswa kuzuia moto ikaachwa wazi. Kombora lililopenya mnara wa mizinga liliwasha mfuko, moto ukashuka kwenye shimo la kupandishia baruti, ukakuta njia hadi ghalani.

Ushahidi unaokata shauri ni HMS Lion, meli ya bendera ya Admirali Beatty. Lion na Queen Mary zilikaribia kuwa pacha: kizazi kimoja, mizinga ya ukubwa mmoja, deraya ya unene mmoja. Ile hesabu ya mipaka, kama tungeiingiza katika programu, ingetoa majibu yanayofanana sana. Lion nayo ilipigwa katika mnara wake wa katikati, deraya ikapenywa, karibu kila mtu mnarani akafa. Lakini fundi mkuu wa mizinga, Alexander Grant, alikuwa amerudisha nidhamu ya zamani ya kutoa baruti kidogo kidogo na kuifunga milango, na Meja Francis Harvey wa askari wa majini, akiwa mahututi kwa majeraha, aliagiza ghala lijazwe maji. Moto ulishuka, ukaua waliokuwa njiani, ukaishia hapo. Lion ilirudi bandarini. Wajerumani walikuwa wamelipata somo lao mapema zaidi: Januari 1915, katika mapigano ya Dogger Bank, moto uliteketeza minara miwili ya nyuma ya kruza yao Seydlitz na kuua watu zaidi ya 150, na baada ya hapo wakabadilisha utaratibu wa kushika baruti. Seydlitz hiyo hiyo ilipigwa zaidi ya mara ishirini huko Jutland, ikafika nyumbani ikiwa nusu imezama.

Bamba jembamba la deraya, basi, liliamua kwamba watu wa mnara mmoja wangekufa. Mlango ndio uliozigeuza roho za mnara mmoja kuwa elfu moja na zaidi. Bamba lilikuwa tunda la mipaka ya chuma, maji na mvuke, na hakuna aliyeweza kuwapa mabaharia bamba nene, kasi ileile na mizinga ileile kwa uzani uleule. Mlango ulikuwa uamuzi wa watu, uliofanywa kwa sababu wanazoweza kuulizwa: makamanda walisifu upigaji wa haraka, na vikosi vya mizinga vilishindana. Katika programu ya kubuni manowari, kadiri unavyoijaza, hutakutana na kisanduku kinachouliza kama mlango wa ghala utafungwa. Kilicho muhimu kuliko vyote kwa mtu anayefanya kazi chini ya mnara kiko nje ya hesabu inayodai kueleza usalama wake.

Msomaji wa dini atauliza haya yanamhusu nini Mwenyezi Mungu. Yanamhusu kupitia kauli tuliyoizoea makaburini: kazi ya Mungu haina makosa. Siidharau kauli hiyo. Inaposemwa juu ya kile ambacho kweli hakuna kiumbe aliyekishika, ina adabu na ina faraja. Lakini inaposemwa juu ya mlango ulioachwa wazi, inamtwika Muumba kosa la kiumbe, na huo hauwezi kuwa ucha Mungu. Hata mafundisho ya Kiashari, yanayompa Mwenyezi Mungu uumbaji wa kila tendo, yanasisitiza kwamba mja hulichuma tendo lake na atahesabiwa kwalo. Wakristo wanaoshikilia maongozi ya Mungu hawajawahi kukubali kwamba maongozi hayo yanamfutia hakimu kesi. Kwa hiyo anayetumia qadari au mapenzi ya Mungu kufunga mjadala wa nani aliacha mlango wazi hatumii imani yake. Anaikopa ili alipe deni la mtu mwingine.

Kuna pingamizi kali hapa, na ni la haki. Mhandisi anaweza kujitetea kwa kanuni za maji kwa sababu hakuziandika yeye. Muumba ndiye aliyeziandika. Kama kasi inakula deraya, ni kwa sababu Yeye alitaka nguvu ipande kwa kipeo cha tatu, na angeweza kutaka vingine. Je, mfano wangu haumuumizi yule niliyetaka kumtetea? Nakiri kwamba unafika mwisho hapa. Hoja ya mhandisi haiwezi kubebwa nzima nzima hadi kwenye kiti cha enzi, na nadhani hilo ndilo lililowatia wasiwasi wapinzani wa Ghazali. Mwamini anaweza kujibu kwamba ulimwengu wenye kanuni thabiti, ambamo tendo huzaa tokeo na mlango uliofungwa huzuia moto kweli, ni jema ambalo bila hilo hakuna wajibu wala uchaguzi. Naona jibu hilo lina nguvu, ingawa halinyamazishi kilio cha Lisbon. Ila tofauti hii kati ya Muumba na mhandisi haimpunguzii mhandisi chochote. Kwa Mungu bado tuna swali gumu la kwa nini kuna mipaka. Kwa binadamu swali hilo halipo; kwake linabaki lile la wapi aliuweka udhaifu na nani alimweka karibu nao.

Wengine watasema askari alijua anakwenda vitani, na aliyeridhia hatari hana wa kumdai. Ni kweli aliridhia kombora la adui. Ridhaa, hata hivyo, inahitaji kujua unachokiridhia, na kruza za vita zilipangwa Jutland kana kwamba ni manowari kuu, kinyume cha nadharia yenyewe iliyozizaa. Fisher aliziunda ili zimkimbie mkubwa. Invincible ilizama ikirushiana makombora na kruza za Kijerumani zenye mizinga mikubwa, kwenye ukungu, kwa umbali ambao kasi haikuwa na la kufanya. Inabidi pia kukubali kwamba baadhi ya waliokufa walikuwa miongoni mwa walioacha milango wazi. Lawama hapa haina mwenye mmoja, na kuigawanya kwa haki ni kazi ngumu kuliko kuitupa juu kwa Mungu au chini kwa chuma.

Na mchezo wenyewe? Yupo atakayeona ni dhambi, au angalau ni upumbavu, kubuni chombo cha kuua watu ukiwa umekaa kwenye kiti na kikombe cha chai. Sioni hivyo. Kruza ya kwenye kompyuta haiui mtu, na inafundisha jambo ambalo hotuba za wanasiasa hulificha: kila noti ina bei, na bei huonekana papo hapo. Ninachokitilia shaka ni tabia inayoweza kubaki baada ya mchezo kuzimwa, ya kuamini kwamba taarifa ikitoka bila onyo, chombo ni kizuri. Mtu anaweza kupendekeza kisanduku cha milango kiongezwe. Kikiongezwa kitakuwa tarakimu nyingine, nacho kitapunguzwa pale kasi itakapohitaji tani chache zaidi.

Baada ya Jutland wabunifu wa Uingereza walifanya kitu ambacho naona ni cha uungwana zaidi kuliko kuongeza unene tu. Katika mchoro wa G3, kruza nne za tani 48,400 zilizoagizwa mwaka 1921, walikusanya deraya nene kabisa juu ya maghala na mitambo, wakaiacha miisho ya chombo karibu tupu. Udhaifu haukupungua, ulihamishwa kwenda pale ambapo ungeua wachache, na yeyote aliyetazama mchoro angeuona. Mkataba wa Washington wa Februari 1922 ulizifuta kruza hizo kabla hazijaundwa, nazo zikaungana na Incomparable katika kundi la meli za karatasi.

Iliyobaki ni HMS Hood, iliyokamilika mwaka 1920. Ilikuwa imeongezewa deraya ikiwa bado inaundwa, lakini kinga ya sakafu zake ilitawanywa katika matabaka membamba, na wakuu wa jeshi la majini walijua kwamba kombora litakaloanguka kutoka juu kwa umbali mrefu lingeweza kupenya. Ilipangiwa ukarabati mkubwa mwaka 1941, vita ikatangulia. Tarehe 24 Mei mwaka huo, ikikabiliana na manowari ya Kijerumani Bismarck, Makamu Admirali Holland aliisogeza karibu na adui kwa haraka, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba alitaka kuuvuka umbali ule ambao sakafu yake haikuweza kuuhimili. Hakuuvuka. Walikuwemo watu 1,418, wakapona watatu. Kwa hoja niliyoijenga, Holland hana deni: alijua udhaifu ulipo, aliutawala kadiri alivyoweza, na alikufa kando yake. Nawadai zaidi wale waliokuwa na miaka 19 ya amani na kruza yenye kasoro inayojulikana, wakaipitisha katika matengenezo ya mwaka 1929 hadi 1931 bila kuibadilisha kinga yake ya msingi, na kabla ya hapo wakaizungusha duniani mwaka 1923 na 1924, hadi Zanzibar mwezi Januari, ili makoloni yaone manowari isiyoweza kushindwa.